Mwili wa Kuonyesha Wakwe

Marehemu Januarius Masunga, Mungu ampe pumziko, alikuwa mshindiliaji wa pamba, na kwa kazi hiyo hapakuwa na mwenzake Bariadi mjini wala vijiji vya karibu. Mtu ambaye hajaiona kazi yenyewe anaweza kuidharau. Gunia la pamba, lile refu kumzidi mtu, linaning'inizwa mdomo juu kwenye boriti, mshindiliaji anaingia ndani, na wenzake wanammwagia pamba kutoka juu. Yeye kazi yake ni kukanyaga. Anakanyaga akizunguka, kisigino pembeni, unyayo katikati, huku pamba ikimjia kichwani, puani na masikioni, na kadiri inavyojaa chini yake ndivyo anavyopanda, mpaka kichwa kinatokeza, kisha mabega, kisha anasimama juu ya gunia gumu kama gogo na kuruka chini. Ndani mle hakuna upepo. Jua linapiga gunia kwa nje, vumbi linakaba kwa ndani, na mtu mpana hana hata pa kugeuzia viwiko.

Masunga hakuwa mpana. Alikuwa mrefu, mkavu, miguu mirefu ya mtu aliyezaliwa kutembea, na mbavu zake zilionekana hata mwezi wa mavuno ambapo kila mtu ananenepa. Wenzake kituoni walimwita Utambi. Aliitika na kucheka nao. Alijifunga kitambaa puani, akafanya ishara ya msalaba, akashuka ndani ya gunia akiimba kwa Kisukuma, na waliokuwa nje walijua pamba imefika wapi kwa kusikiliza sauti yake inavyopanda. Akimaliza alienda kisimani, akaoga, akachukua jembe. Jirani yao mmoja alipozidiwa na ugonjwa wakati wa masika, barabara ikiwa tope tupu, Masunga alimfunga kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka hospitali, na jioni akawa shambani kwa mama yake kama mtu aliyetoka kunywa uji.

Ilikuwa miaka ile biashara ya pamba imefunguliwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha ushirika. Sasa walikuja wanunuzi binafsi kutoka Mwanza na Shinyanga, kila mmoja na lori lake na mizani yake, wakigombania pamba vijijini, na mshindiliaji mzuri akawa mtu wa kutafutwa. Gunia alilokanyaga Masunga lilijulikana kwa kuligonga tu. Kwa kazi hiyo aliezeka nyumba ya mama yake, Rhoda, kwa bati, na akaanza kukusanya ng'ombe, kwa sababu alikuwa amempata msichana.

Msichana alikuwa Nyanjige, binti wa mzee Maganga wa Mwandoya, huko Meatu. Walikutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa, wakapendana kwa adabu, kwa salamu za kutumiana, mpaka Masunga akatuma mshenga. Mzee Maganga akajibu kama wazee wanavyojibu: kijana aje kwanza alime. Masunga akaenda, akalala huko, na alfajiri akaingia shamba la mkwe pamoja na vijana wa nyumba ile. Jua lilipokuwa kali wale vijana walikuwa kivulini wakimtazama, yeye bado yuko kwenye matuta anakwenda kama maji. Nyanjige alileta uji, akapiga goti, akasalimia, na alipoinuka alikuwa anatabasamu.

Kwa desturi ya zamani mambo yangeishia hapo, kijana amekubaliwa. Lakini miaka hiyo haikuwa kama ya zamani. Misiba ilikuwa imewaandama watu, na waliokuwa wakizikwa si wazee. Mtu alianza kukonda, akakohoa, akarudishwa kwao kutoka mjini, na kabla hujasahau ulivyomsalimia mnadani unasikia ngoma ya msiba. Ugonjwa haukutajwa kwa jina. Watu walinyoosha kidole kidogo tu, au walisema fulani "kavuta umeme". Na kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine ya kujua, walijifunza kupima kwa macho. Aliyenenepa alikuwa mzima. Aliyekonda alikuwa na lake.

Jioni ile, baada ya chakula, shangazi yake Nyanjige aliuliza bila kuzunguka kama kijana hana homa za mara kwa mara. Masunga akasema hana. Akaulizwa baba yake alikufa na nini. Akasema aliumwa na nyoka mashambani. Mzee Maganga hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa chini, na aliongea polepole.

"Kazi tumeiona, kijana. Lakini mimi nilimwoza binti yangu mkubwa kwa mtu mwembamba, nikamzika mkwe, kisha nikamzika binti. Nenda ukale. Siku ukija umekaa sawasawa, tutaongea habari za ng'ombe."

Masunga alirudi Bariadi na baiskeli yake, na njia nzima, kama alivyokuja kusimulia baadaye, aliitazama mikono yake kwenye usukani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakuwahi kuionea aibu. Sasa aliiona kama vijiti.

Mama yake alifanya anachokijua mama. Alimpikia maharage na karanga, akamkamulia maziwa, akamwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Masunga alikula. Lakini mwili wa mtu anayekanyaga pamba asubuhi na kulima jioni hauhifadhi kitu. Chakula kiliingia na kutokea kwenye kazi. Ndipo akaenda kwa Athanasi.

Athanasi alikuwa rafiki yake tangu sekondari, na alikuwa amefungua kibanda cha video karibu na uwanja wa mnada. Jenereta lilinguruma nyuma, mbele watu walijazana kwenye mabenchi kutazama picha za mapigano. Kuta zote, nje na ndani, alikuwa amebandika mabango ya wanaume waliovua mashati, vifua kama milango, shingo zimezama mabegani, wameshika bunduki kubwa kwa mkono mmoja. Vijana wa Bariadi waliyatazama yale mabango kama watu walio mbele ya sanamu. Na nyuma ya kibanda, Athanasi alikuwa na vyuma vyake: saruji iliyomiminwa kwenye makopo, bomba la maji katikati. Walinyanyua kila jioni.

"Utambi," Athanasi alimwambia siku ya kwanza, "wewe ukivua shati, mtu aliye mnadani anaweza kukuhesabu mbavu kutoka hapo. Sasa mkwe atakupa binti au atakupa sanda?"

Wote wakacheka, na Masunga naye akacheka, na akainama kushika lile bomba.

Alinyanyua msimu mzima. Nguvu alikuwa nazo kuwazidi wengi wao, na hilo lilimchanganya. Kijana mmoja aliyevimba mikono, aliyeshangiliwa na kila mtu, alichoka njiani walipotumwa kuchota maji ya kuchanganyia saruji, na Masunga akabeba ndoo zake na za yule. Hata hivyo jioni walipojipanga mbele ya kioo kilichopasuka, sifa zilikwenda kwa yule. Masunga akabaki Utambi. Athanasi, kwa kumwonea huruma, na Mungu anajua kwamba ilikuwa huruma, akampeleka kwenye duka moja la dawa lililofunguliwa mjini mwaka huo. Maduka ya namna hiyo yalikuwa yanachipuka, yakiuza dawa pamoja na sabuni na betri, na hakuna aliyekuuliza cheti. Mwenye duka akawapa vidonge vidogo visivyo na ladha kwenye karatasi iliyokunjwa. Alisema ni vya kufungua hamu ya kula. Wanawake wengi wanavitumia, alisema, na wanapendeza.

Vilifanya kazi upesi mno. Uso wa Masunga ulijaa, ukawa wa duara na kung'aa kama uliopakwa mafuta. Shingo ikaongezeka, mabega yakapanda, kifua kikafunika mbavu. Alipokwenda tena Mwandoya, shangazi yule yule alipiga vigelegele kabla hajashuka kwenye baiskeli. Mzee Maganga alimzunguka akimwangalia, akamgonga mgongoni, akasema huyu sasa ni mwanaume. Hakuna aliyemwambia alime. Waliongea habari za ng'ombe siku hiyo hiyo, na kabla ya Majilio ndoa ikafungwa kigangoni, Masunga akiwa ndani ya koti lililokataa kufunga vifungo, watu wakisema ameoa vizuri na Nyanjige ameolewa vizuri.

Siku za mwanzo za ndoa alidhani amemaliza. Akavitupa vile vidonge chooni, akashukuru Mungu. Haikupita muda akaamka na viungo vinauma kama amepigwa, kichefuchefu, miguu haitaki kumsimamisha. Uso ukaanza kushuka. Jumapili, baada ya Misa, mwanamke mmoja wa jumuiya yao alimshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida na kumwuliza, kwa sauti ya chini, kama anaendelea vizuri. Masunga aliijua sauti ile. Ndiyo iliyotumika kwa watu ambao baadaye walizikwa. Jumatatu asubuhi alikuwa dukani kabla halijafunguliwa.

Hapo ndipo mlango ulipojifunga, wala hakuusikia ukijifunga. Akimeza, alikuwa mzima machoni pa watu na mgonjwa ndani. Akiacha, atakonda, na Bariadi nzima na Mwandoya nzima zitajua kwa nini amekonda, na zitajua uongo. Alifikiria kwenda kupima damu. Lakini mtu aliyeonekana kwenye foleni ya kupima alikuwa ameshajitangaza; hata akisema yuko salama, watu wangeuliza alikuwa na wasiwasi gani mpaka akaenda. Hakumwambia Nyanjige, hakumwambia mama yake. Vidonge alivificha kwenye mfuko wa koti la harusi, na Nyanjige alipovikuta siku moja alimwambia ni vitamini.

Mwaka ule wa mvua za elnino alizaliwa binti yao, Anna. Mwaka huo huo mnunuzi mmoja wa pamba alimtoa Masunga kwenye magunia na kumweka mlangoni mwa ghala, asimame tu. Watu wakimwona kifua kile, alisema, hawatajaribu kuiba. Masunga akasimama mlangoni. Vijana waliopita walimwita Baunsa, wakamwomba akunje mkono. Alikunja. Ndani ya ghala alisikia mshindiliaji mwingine akihema na kukanyaga ovyo, miguu haizunguki, pamba imelala upande mmoja, na kila mara nyayo zake mwenyewe zilikuwa zinataka kwenda.

Lakini hazikuweza tena. Hilo lilijulikana kwake kwanza, kisha kwa mkewe. Masunga alikuwa hawezi kuinuka akichuchumaa. Chooni aliweka mti wa kushikilia. Kwenye kigoda alijisukuma kwa mikono yote miwili, na mapaja, chini ya suruali iliyojaa kiunoni, yalikuwa yamekauka kama ya mzee. Akijigonga mlangoni ngozi iligeuka zambarau, kidonda kidogo kilikaa mwezi. Kanisani watu walipopiga magoti yeye alibaki ameinama kwenye benchi, na katekista akamtania kwamba nguvu zikizidi mtu husahau kumwinamia Muumba. Masunga alitabasamu. Nyanjige, aliyekuwa pembeni yake amempakata mtoto, hakutabasamu.

Msimu uliofuata, siku moja ya kununua, mshindiliaji wa ghala hakutokea. Lori lilikuwa linasubiri, wakulima wamejipanga na mizigo yao, mnunuzi anazunguka akifoka. Mtu mmoja akakumbuka. Wakampigia kelele Baunsa aache kulinda mlango, aingie gunia moja tu, la kuwaokoa. Masunga alitafuta neno la kukataa, akakosa ambalo halingeleta maswali. Akavua viatu. Akajifunga kitambaa. Walimsaidia kupanda kwenye boriti, akashuka ndani, na mabega yake yakakwaruza gunia pande zote mbili mpaka chini.

Walimwaga pamba. Alikanyaga. Mizunguko ya kwanza mwili ulikumbuka na moyo wake ukafurahi, akaanza hata wimbo. Kisha mapaja yakaanza kutetemeka. Pamba ilimfika magotini na hakuweza kuunyanyua mguu juu yake. Waliokuwa juu, kwa kuwa walimjua Masunga wa zamani, hawakusubiri, walimwaga nyingine. Ikafika kiunoni. Alitaka kuinua mikono, mabega yakabana. Alitaka kuita, pamba ikaingia mdomoni pamoja na kitambaa. Akaona mdomo wa gunia juu, duara dogo jeupe la mbingu, na kivuli cha mtu anayeinua debe lingine. Alisali Salamu Maria moyoni, akafika katikati, akasahau inayofuata.

Aliyemwokoa ni mkulima mmoja mzee, ambaye alisema haoni sababu ya mshindiliaji kunyamaza. Walimwita, hakuitika. Wakalishusha gunia, wakalipasua kwa kisu toka juu hadi chini, na Masunga akatoka pamoja na pamba, mweupe mwili mzima, akilala ubavu, anavuta hewa. Kisha kijana mmoja akasema, "Baunsa kazaliwa, leteni kanga," na uwanja mzima ukaangua kicheko, kile kicheko cha watu walioogopa.

Nyanjige alisikia habari hizo kisimani kabla mumewe hajafika nyumbani. Alimkuta ameketi kitandani, mikono imelala mapajani. Akamfungia mama mkwe mtoto mgongoni, akamwomba aende naye bustanini, akarudi ndani na kukaa sakafuni mbele yake.

"Masunga. Vile si vitamini."

Masunga akamweleza yote, tangu jioni ya Mwandoya. Alieleza akitazama ukuta. Nyanjige alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, alimwonaje yeye hata akadhani asingempokea alivyokuwa. Masunga akasema si yeye. Ni baba yake.

"Baba hakuolewa na wewe," Nyanjige alisema.

Walikwenda hospitali pamoja, kwa miguu, polepole, wakipumzika njiani. Mganga aliyewapokea alikuwa mtu mzima, mpole. Aliuliza maswali mengi, akampima damu yeye na mkewe, na baada ya siku kadhaa akawaambia ule ugonjwa wanaouogopa hawana, wote wawili. Tatizo ni vidonge. Akawaeleza kwa Kiswahili rahisi kwamba mwili wa binadamu unajitengenezea dawa ya namna hiyo wenyewe, kidogokidogo. Ukiuletea kutoka nje kwa muda mrefu, unalala, unasahau kazi yake. Kwa hiyo asiache ghafla. Apunguze taratibu, kwa miezi, na arudi kila mara apimwe. Akamwambia pia kwamba atakonda. Atarudi kama alivyokuwa, na huenda mapaja yatapata nguvu tena. Masunga alilia pale pale mbele ya mganga, na si kwa sababu ya ugonjwa.

Akaanza kupunguza. Kufikia mwanzo wa kilimo mashavu yalikuwa yameshuka na koti la harusi linafunga vifungo. Aliweza kutoka kigodani kwa mkono mmoja. Usiku alianza kulala. Kwa muda mfupi ule, nyumba ile ilikuwa na furaha ambayo haikuweza kuitoa nje ya mlango, kwa maana huko nje kila kilo aliyoipunguza ilihesabiwa. Mnunuzi alimwondoa mlangoni. Kwenye jumuiya walianza kumtengea kikombe chake, kwa upole kabisa, wakisema ni kwa ajili ya mafua. Athanasi alimwomba asikae benchi la mbele kwenye video, kwa kuwa wateja wanasogea. Mama Rhoda alirudi kutoka mnadani siku moja na vitunguu tu, bila chumvi aliyoifuata, akaketi, hakusema aliambiwa nini.

Kisha wakaleta salamu wafanyabiashara wa ng'ombe waliotoka Mwandoya. Mzee Maganga amesikia. Anakuja kumwona mkwe baada ya Noeli, na anakuja na ndugu zake wawili. Kila mtu alielewa maana ya ndugu wawili. Ndio wanaokuja kumchukua binti na mtoto.

Nyanjige alisema aje, atamwambia ukweli. Masunga akauliza nani atamwamini. Mzee aliyezika binti yake ataambiwa mkwe amekonda kwa sababu ameacha vidonge? Angekuwa yeye, angeamini? Nyanjige akainama kuchochea moto, kwa kuwa yeye pia hakujua. Na Masunga, ambaye alikuwa amebakiza kipimo kidogo sana kwa maelekezo ya mganga, alikwenda dukani kimyakimya na kuanza kumeza kama zamani, na kupita zamani.

Mzee Maganga alipofika alimkuta mkwe wake uso umejaa, unang'aa. Alicheka kwa nafuu ya mtu aliyetua mzigo. Akawagombeza waliomletea uvumi. Alimnyanyua Anna juu, akala kuku, na asubuhi yake akaondoka na ndugu zake, akimwambia Masunga maneno ambayo yalimkaa kama mwiba: "Mkwilima wane, mkwe wangu, umenitunzia mwanangu. Mungu akuone."

Masunga aliamini kwamba Mungu amemwona, na alijua amemwona akifanya nini. Alikuwa amemdanganya mzee aliyefiwa. Alikuwa amemvunjia mkewe ahadi. Tangu siku hiyo hakupokea Komunyo. Aliketi benchi la nyuma, na Kwaresma ilipokaribia akawa mtu wa kusali usiku. Jumatano ya Majivu alisimama kwenye mstari, akapakwa majivu kwenye paji la uso, akasikia katekista akihimiza kwamba anayetubu aache dhambi yake yote leo, asiseme kesho, asiache nusunusu. Alirudi nyumbani, akachukua vidonge vyote vilivyokuwa kwenye koti, akavitia motoni chini ya sufuria.

Nyanjige alimshika mkono amechelewa. Alimkumbusha mganga alivyosema, apunguze taratibu. Masunga akamjibu kwa sauti ambayo haikuwa ya ugomvi.

"Nimedanganya taratibu miaka yote hii. Kuacha nako nifanye taratibu? Mungu atanibeba."

Na alifunga. Ndiyo iliyokuwa Kwaresma yake: hakumeza kidonge, hakula mpaka jioni, maji tu. Siku za kwanza alikuwa na amani usoni ambayo Nyanjige hakuiona tangu siku ile ya uji shambani. Alikwenda kuungama, akarudi akiimba. Baada ya hapo kutapika kukaanza, na kizunguzungu, na usingizi usio wa kawaida. Nyanjige alitaka kumpeleka hospitali, yeye akasema ni mfungo, utapita. Asubuhi moja aliposhindwa kukaa, Nyanjige hakumsikiliza tena. Alikimbia kwa Athanasi, na Athanasi akaja na baiskeli, wakamfunga kwenye kiti cha nyuma. Barabara ilikuwa tope. Athanasi, na mikono yake yote ile, alisimama kila baada ya hatua chache kuhema, na Nyanjige akasukuma kutoka nyuma, na kwa namna hiyo walifika. Yule mganga aliwapokea mlangoni, akauliza swali moja, kama vidonge ameviacha ghafla, akakimbilia dawa. Alifanya alichoweza. Masunga alifariki mchana, akiwa amepakwa mafuta matakatifu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Kwamba alikosea kuhusu dawa, ni kweli. Kwamba alimtafuta Mungu kwa moyo wote, nalo ni kweli, na Mungu hashindwi kuyapima yote mawili kwa pamoja.

Mazishini hakuna aliyeuliza. Walikuja wengi, walilia, walichimba, walipika. Waliouosha mwili waliona mapaja yale na michirizi ya zambarau, wakatoka wametazama chini, na jioni ilikuwa imeshajulikana mpaka Mwandoya. Nyanjige aliwaeleza waliokuwa karibu: vidonge, mganga, damu iliyopimwa. Walimsikiliza kwa huruma kubwa. Wakamshika mabega, wakasema, "Pole, mayu, pole mama, ndivyo ilivyo," kama watu wanaomsaidia mfiwa kubeba uongo wake.

Mzee Maganga alikaa matanga mpaka mwisho. Alimwambia binti yake arudi naye nyumbani, akatunzwe. Alisema akatunzwe. Nyanjige aliliona neno lile lilivyo, akaelewa kwamba baba yake anaandaa kaburi la binti wa pili. Akamjibu kwa heshima, amepiga goti, kwamba atabaki Bariadi kwa mama mkwe wake. Akiondoka, watasema amekimbia alichokiona. Akibaki, watakaa wakimtazama. Alichagua kutazamwa.

Walimtazama. Alilima, akachuma pamba, akambeba Anna mgongoni mpaka kliniki, na kila mahali macho yalianzia kwenye mashavu yake kabla ya salamu. Wakimsalimia "Mwangaluka" alijua wanangoja kusikia kikohozi. Mtoto akipata upele, majirani walitazamana. Alikuwa mzima, na hapakuwa na siku ambayo uzima wake ungetosha, kwa kuwa daima kulikuwa na mwaka unaofuata.

Kwaresma ikarudi. Nyanjige alifunga kama kawaida ya nyumba ile, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa palizi na kazi ilikuwa nyingi, alipungua kidogo. Mkufu wa rozari ulionekana kwenye mifupa ya shingo. Siku ya Ijumaa, kabla ya Njia ya Msalaba, mama Rhoda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvunja mfungo wala kumruhusu mtu kuuvunja chini ya paa lake, aliingia na sahani ya ugali na maziwa ya mgando, mchana kweupe, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Kula, mayu," alisema. "Mungu anajua. Watu hawajui."

Nyanjige aliitazama ile sahani. Nje, kengele ya kigangoni ilikuwa imeanza kugonga, na sauti za wanawake zilikuwa zinapita barabarani kuelekea kanisani. Akanawa mikono, akala yote, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga, na wakatoka pamoja.